Injinia Aliyeuza Geti la Uwanja

Katikati ya mji palikuwa pamekufa kitambo, na waliobaki ni wale tu waliokosa pa kwenda. Ndipo redio ikatangaza kwamba halmashauri itajenga uwanja wa mpira pale pale, nyuma ya mtaa wa maduka, ili mji ufufuke. Watazamaji elfu sitini, ikasema redio. Mwenye duka la viatu, ambaye hakuwa ameuza hata kamba tangu Jumatatu, alizidisha kwa miguu miwili akashikwa na kizunguzungu.

Habari hiyo ilimkuta Injinia kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imejaa povu. Cheo cha uinjinia alijipa mwenyewe, siku alipookota kofia ngumu ya njano kando ya mtaro. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ulimi laini, na uchovu ambao hakumwambia mtu. Maisha yake yote ya ujanja alilala vyumba vya kupanga, viatu miguuni, tayari kuruka dirishani. Sasa alitaka kitu kimoja tu: nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo alipomsikia kinyozi akijisemea kwamba laiti geti la uwanja lingetazama duka lake, alifumbua jicho moja.

"Nani kakuambia geti limeshapangwa?"

Wembe ukasimama hewani.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu, kama Injinia angekuwa na mahali pa kuiweka hiyo aibu. Kesho yake alirudi na kofia yake, futi ya kamba na kopo la rangi nyekundu. Akamweleza kinyozi kwamba ramani bado iko kwenye penseli, na penseli hufutika kwa mtu anayejua kumshukuru mchoraji. Kinyozi akashukuru kwa noti zote alizokuwa amezificha ndani ya redio mbovu. Injinia akapiga magoti mbele ya mlango, akachora duara lenye msalaba ndani.

"Geti kuu ni hapa. Weka kizulia juu yake na ufunge mdomo. Jirani zako unawajua."

Kinyozi aliwajua. Kila mtu mtaani aliwajua jirani zake namna hiyo, na huo ndio uliokuwa mtaji wa Injinia. Hadi Ijumaa geti kuu lilikuwa limeuzwa mara tisa. Fundi cherehani alilinunua, mwenye viatu alilinunua, hata muuza majeneza alilinunua, ingawa alipoulizwa mashabiki watahitaji nini kwake alijibu kwamba itategemea matokeo.

Aliyekataa ni mmoja tu, Mama Gesti, mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi mwisho wa mtaa, ambamo Injinia mwenyewe alipanga. Akifagia kibaraza chake asubuhi, mama huyu aliona jambo ambalo wengine, kwa kulinda siri zao, hawakuliona: mtaa mzima umetandika vizulia nje vumbini, na hakuna anayethubutu kukikung'uta cha kwake. Akamkaribisha mpangaji wake chai.

Injinia akamwaga maneno kuhusu geti. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Mimi sitaki geti, mwanangu. Marehemu na mimi tulikuwa na gesti mji mwingine, wakatujengea uwanja mbele ya mlango. Mpira ulichezwa siku ishirini kwa mwaka. Watu waliingia na magari yao, wakala humo humo ndani, wakatoka na magari yao. Sisi tukaachiwa vikombe vya plastiki tufagie."

Sasa, mtu anayedanganya kutwa ana ugonjwa mmoja: ukweli ukimjia uchi, yeye huanza kuupapasa akitafuta mifuko. Injinia alijiuliza kwa nini bibi huyu aukandie uwanja unaoimbwa na mji mzima. Jibu likamjia tamu kuliko chai. Anajua thamani ya nyumba yake, na hataki mtu mwingine aijue.

"Basi niuzie hii nyumba, mama."

"Nikuuzie nini? Paa linavuja. Panya wenyewe wamekonda."

Akapandisha bei. Mama akataja mabomba. Akapandisha tena. Mama akamshika mkono akampeleka kuona ufa wa ukuta wa nyuma. Kila kasoro ilimzidishia hamu, na chai ilipopoa alikuwa ameweka mezani mageti yote tisa, pamoja na saa yake ya mkononi.

"Usije ukasema sikukuambia," mama akasema.

"Umeniambia mama, tena sana," akajibu, akimwonea huruma moyoni.

Walikwenda kwa wakili. Hati ya nyumba haikubali majina ya mtaani, hivyo Injinia akaandika jina lake halisi, akabandika picha, akakandamiza dole gumba. Mama Gesti akapanda basi la saa nane kwenda kuishi kwa binti yake. Injinia akavua viatu, akalala usingizi wa mwenye nyumba.

Jumatatu halmashauri ikabandika ramani kwenye ubao wa matangazo. Uwanja uliupa mtaa mgongo: ukuta wa zege usio na hata tundu la paka. Mageti yote yalitazama barabara kuu, penye maegesho ya magari. Wenye maduka wakaisoma na kuirudia, kila mmoja na msiba wake wa siri, hadi fundi cherehani akashindwa kujizuia.

"Geti langu liko wapi?"

"Lako?" akauliza kinyozi.

Wakatazamana. Wakaenda kuinua vizulia.

Injinia aliposikia vishindo aliruka dirishani kwa mazoea, akafika kona, kisha miguu ikagoma. Akikimbia, nyumba ni yao. Akirudi, yeye ni wao. Akaitazama ile nyumba yenye ufa, ya kwanza maishani mwake, akarudi.

Muuza majeneza, mtu mtulivu kwa kazi yake, aliwashauri wenzake kwamba polisi wangemlisha bure tu. Yeye alitaka chumba, maana kodi ya kwake ilikuwa imemshinda. Kumbe iliwashinda wote. Kabla ya jua kuzama vyumba tisa vilikuwa na wenyewe, cha kumi wakamwachia mwenye nyumba, na zamu zote za maji zikawa zake.

Wiki iliyofuata diwani alipita na wapiga picha. Akaona nguo zimejaa kwenye kamba na watu kwenye kila dirisha, akawaambia wapiga picha kwamba hata jiwe la kwanza la uwanja halijawekwa, na tayari mji umeanza kufufuka. Akamsimamisha mtu mmoja mwenye ndoo mbili.

"Biashara inakwendaje, ndugu yangu?"

"Tumejaa, mheshimiwa," akasema Injinia. "Samahani nipishe. Huyu wa majeneza hapendi maji yapoe."