Mjusi wa Shemeji na Chumba chenye Jua

Jumatatu, 3 Machi
Chumba cha Bibi Mkunga kina madirisha mawili yanayotazama mashariki. Changu kina moja, nalo linatazama ukuta. Yeye alistaafu kuzalisha wanawake miaka sita iliyopita, na jua lote lile analitumia kukaushia soksi. Mimi ni fundi saa. Leo nimetafuta skrubu ya saa ya mwalimu mkuu kwa dakika hamsini, kumbe nimeikalia. Haki iko wapi?

Ila dawa nimeipata. Shemeji, mume wa dada yangu, anatunza maabara ya shule. Anasafiri kwa mafunzo, anatafuta mtu wa kumtunzia mjusi wa maabara. Hakuna bibi wa miaka sabini atakayekaa jirani na mjusi siku mbili. Atahama mwenyewe. Mikono yangu safi.

Jumanne, 4 Machi
Mjusi kafika ndani ya beseni. Nilitegemea kitu chenye mbio. Huyu ni mnene kama mkate mzima, miguu mifupi kiasi kwamba tumbo linafagia sakafu. Magamba yanang'aa kana kwamba kapakwa mafuta. Shemeji anasema ni dume, mpole, nisimpe kitunguu wala parachichi, na awe na upande wa joto na upande wa baridi ajichagulie mwenyewe. Nikauliza kama anauma. Akasema anauma asiyemheshimu. Nikapata moyo.

Halafu mjusi akatoa ulimi. Buluu. Kama aliyelamba wino. Nikarudi nyuma hatua mbili. Ikiwa mimi nimerudi nyuma, bibi atatokea dirishani.

Jumatano, 5 Machi
Saa moja asubuhi nimemweka koridoni, kichwa kikielekea mlango wa Bibi. Ni hatua sita. Mjusi katumia dakika arobaini na moja. Nimepima kwa saa tatu na zote zimekubaliana, jambo ambalo halijawahi kutokea humu. Katikati ya safari alisinzia. Fundi Redio wa chumba cha tatu, ambaye naye anakimezea mate chumba kile, alimruka na sufuria mkononi, akasema habari za asubuhi. Sijui alikuwa anamsalimia nani.

Mwishowe mlango ukafunguka. Nikaziba masikio kujikinga na ukelele. Kimya. Nilipoyazibua nikasikia maji yanamiminwa kwenye kisahani.

Bibi akaja kugonga. Akauliza, "Mwanangu, huyu ni wako?"

Nikakubali, nikamwonya kwamba ulimi ule ni sumu tupu.

"Ulimi huu ni wa kutisha wajinga," akasema. "Wewe ulikutisha?"

Nikasema hapana. Akaniambia mjusi ana baridi, na bila joto chakula hakisagiki tumboni. Akaondoka na taa yangu ya kazi.

Taa yangu ya kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nafanya kazi kwa mshumaa. Nimerudisha mkono wa saa ya mteja mahali pasipo pake, sasa inahesabu kinyumenyume.

Nimekwenda kumpeleleza adui. Ratiba ya mjusi: asubuhi anaota joto chini ya taa yangu. Akishiba joto, anakula. Akishiba chakula, anaingia ndani ya kipande cha bomba analala. Hana mwajiri. Anakula boga, majani, kipande cha yai la kuchemsha. Kipenzi chake ni konokono. Anapasua gamba kwa taya kama mtu anayekula karanga. Kesho yake hali kitu, anapumzika.

Bibi kampapasa tumbo, kasema huyu si dume. Ni mama, tena siku zake zimefika. Nikacheka kimoyomoyo. Miaka arobaini ya kazi ile imemharibu macho, anaona mimba kila mahali. Juzi alimtazama Fundi Redio tumboni kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 8 Machi
Mbinu mpya. Nimeandika barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto: mpangaji mmoja anafuga mnyama wa hatari. Sheria ya nyumba ni kwamba anayefuga anahama.

Saa nne Mama Mwenye Nyumba akapanda ngazi na barua mkononi. Mjusi akajilaza bapa sakafuni, akafoka kama nyoka, akatoa ulimi. Mama Mwenye Nyumba akajikuta juu ya kiti. Kutoka huko juu akauliza mnyama ni wa nani. Bibi alikuwa anafungua mdomo. Fundi Redio akamwahi.

"Wa Fundi Saa. Alikuja naye kwenye beseni Jumanne."

Mtu huyu zamu yake ya kufagia ngazi haioni, lakini beseni kaliona.

Nikapewa hadi jioni. Nikaketi kitandani. Nina saa thelathini na moja za watu, na kila mmoja kaniamini. Nizipeleke wapi? Nilijaribu kufunga mizigo nikashindwa hata kuanza.

Alasiri Bibi akashuka kuongea na Mama Mwenye Nyumba, ambaye alimzalisha watoto wote wanne. Akarudi, akasema nimebaki. Kuanzia sasa mjusi ni mgonjwa wake na mimi ni msaidizi wake. Nikamshukuru kwa dhati, dakika nzima. Akanikabidhi kopo. Konokono kumi, kila asubuhi ya siku ya kula, kabla umande haujakauka, na nisiokote mahali palipopuliziwa dawa.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi Redio kanikuta nimepiga magoti kando ya mfereji. Kauliza nimepoteza nini. Nikamwambia skrubu. Kachungulia kopo, kasema skrubu zangu zina pembe.

Alhamisi, 13 Machi
Mjusi kazaa. Hakutaga, kazaa! Watoto kumi na mmoja, wamekamilika, kila mmoja na ulimi wake wa buluu.

Bibi aliniita saa tatu asubuhi nishike taulo. Mjusi anazaa kama anavyotembea, kwa hiyo nilikuwa pale hadi mchana. Wa saba hakucheza. Bibi akaniwekea kiganjani, akaniagiza nimpulizie joto taratibu. Nikapuliza. Nikapuliza tena. Mara akafumbua jicho, akanitolea ulimi. Macho yangu yakalowa. Ni vumbi; chumba cha Bibi kina vumbi.

Kumbe watoto hawa hawakai pamoja, wanang'atana. Kila mmoja anataka kisanduku chake, na kila kisanduku kipate jua upande mmoja. Madirisha yote mawili yamejaa. Bibi kachukua na lenzi yangu ya jicho. Wakijivua ngozi, lazima akague vidole: ngozi kavu ikibaki inavibana hadi vikatike.

Ijumaa, 14 Machi
Bibi kanikaribisha chai. Kanieleza kwamba mwisho wa mwezi huu alikuwa ahamie kwa binti yake. Chumba alishamwomba Mama Mwenye Nyumba anipe mimi, tangu mwezi uliopita.

"Nilikuwa nakuona ulivyokodolea zile saa, mwanangu. Nikasema macho ya huyu yanaisha."

Ila sasa hawezi kuondoka. Amempigia simu shemeji, na shule imekubali awalee watoto hadi wakue. Binti atasubiri. Akaniuliza kama sijafurahi.

Nikasema nimefurahi. Chai ilikuwa na sukari, lakini sikuisikia.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari siku nzima na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa mzuri. Mnyama ndiye aliyekuwa wa polepole. Ukimpelekea mtu kiumbe cha polepole, unampa nafasi ya kukizoea.

Chumba cha Fundi Redio kina dirisha linalotazama kusini. Si mashariki, lakini si ukuta.

Shemeji karudi kutoka safari. Anasema shuleni kuna bata bukini aliyemng'ata mkaguzi, na wanamtafutia pa kukaa kwa muda. Ana kelele, ana mbio, na hapendi watu.

Nimemwambia amlete kesho, apitie mlango wa nyuma.