Kopo la Kitambaa Cheusi

Jumatatu, 3 Juni

Tangu mama yake azikwe, binti yangu anaishi kwa mjomba wake. Alisema anakwenda kupumzika kidogo tu. Mvua zimeanza, hajarudi. Huyo mjomba, shemeji yangu, namwita Kanali, ingawa jeshini hajawahi kukanyaga. Ni mlinzi wa ghala la magodoro. Jumamosi anampeleka msituni kumfundisha kuishi porini. Nami nimealikwa, nadhani kwa kuhurumiwa.

Mpango: nitawasha moto bila kiberiti. Binti akiona baba yake anaweza kumpa joto hata porini, atarudi nyumbani. Jirani yangu, fundi redio, kanipa siri. Kitambaa cha pamba tupu ndani ya kopo la bati lenye tundu dogo, juu ya jiko mpaka moshi ukome. Kinatoka cheusi. Cheche moja tu, kinaidaka.

Jumanne, 4 Juni

Kumbe shati langu la kazini si pamba. Limeyeyuka, limegandana na kopo. Fundi redio kaja mbio na ndoo ya maji, akauliza nimeunguza nini. Nikasema mchuzi. Akanipa pole, akasema tangu marehemu aondoke michuzi yangu anaisikia harufu kila siku. Tukacheka. Alipoondoka nikakaa jikoni, sikujua nifanye nini.

Jumatano, 5 Juni

Leo njia nyingine. Kuchovya njiti za kiberiti kwenye nta ya mshumaa, zisilowe. Nilizisogeza karibu mno na moto. Zimelipuka zote. Nyusi moja sina.

Kanali naye akachagua leo kupita. Akaniangalia usoni, akasema mambo ya moto niwaachie wenyewe. Haya. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilimuuliza binti hajambo. Akasema hajambo, ila haongei sana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepekua kabati lote. Nguo zangu zote ni za plastiki, nimeishi kama mfuko wa duka! Pamba tupu ni moja tu humu ndani: gauni la mke wangu, la maua ya njano, alilokuwa akivaa akifua nguo. Bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Bado linanukia sabuni yake.

Nimekata pindo tu. Halikutosha. Nikakata kidogo juu ya pindo. Mkasi nao una tamaa, haukusimama hapo. Nilimwomba radhi kwa sauti. Angekuwepo angeniuliza, baba fulani, huna akili? Nimelia, nikasingizia moshi, na jiko nilikuwa sijaliwasha.

Ijumaa, 7 Juni

Kimetoka kizuri. Cheusi, laini, chepesi. Nimepiga tupa kuukuu ya kunolea panga kwenye jiwe gumu, cheche ikaruka, kitambaa kikaidaka palepale. Kopo nimelifunga kwa mpira. Nimelala mapema.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua msituni. Kiberiti cha Kanali kimelowa mfukoni, Mungu si Athumani. Binti anatetemeka. Nikatoa kopo, nikapiga tupa, nikapuliza, nikaongeza nyasi kavu nilizoficha kifuani. Moto! Kanali akaenda kutafuta kuni.

Binti akaja kukaa ubavuni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kila moto ulipofifia nilitia kitambaa kingine, asiondoke. Akaniambia kesho anarudi nyumbani. Anataka kitu kimoja tu, lile gauni la mama la maua ya njano. Alale nalo. Nikasema lipo. Kopo lilikuwa tupu.

Jumapili, 9 Juni

Alikuja na begi lake. Akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Kola na mkono mmoja, basi. Aliniangalia, akaliangalia kopo mezani.

Akachana kola, akaitia kwenye begi. Mkono akanirudishia. Akasema huo ni wangu, nami nibaki na kitu cha mama. Kisha akarudi kwa mjomba wake. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, naichukia.

Nimekaa na ule mkono mapajani mchana kutwa. Kanali kanitumia salamu kwamba Jumamosi wanakwenda tena msituni. Jana, moto ulipowaka, binti alikaa ubavuni kwangu. Mkono huu ni pamba tupu. Unatosha moto mmoja. Kopo nimeshalipangusa.