Kapsuli za Kulinda Tumbo Lisiloumwa

Gervasi Mtambala,
Ufukweni, kusini mwa Ilagala.
9 Novemba 2002

Kwa Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya Kijiji.

Ndugu Daktari Eliakimu,

Nakuamkia shikamoo kama raia anavyomwamkia mkubwa wa serikali, ila kama kadi yangu ya zahanati inasema kweli kuhusu umri, basi wewe ndiye unayedaiwa salamu hiyo. Tutalimaliza hilo tukionana.

Kabla sijalalamika, ujue unaongea na mtu mwenye bahati. Wengine Mungu aliwapa mashamba kule Simbo, wengine akawapa mitumbwi ya injini. Mimi alinipa tumbo. Tangu nizaliwe halijaniuma hata siku moja. Nimekula pilipili za Bujumbura, nimekula samaki wa kopo pale Mpulungu na kopo lenyewe lilikuwa limevimba, nimekunywa pombe ya Uvira ambayo wenyeji wa Uvira huinywa wakiwa wameshaketi chini kabisa ili wasianguke mbali. Asubuhi yake niliamka nikadai chai. Darasa la nne niliachia njiani, lakini tumbo langu limesoma dunia nzima.

Sasa tumbo la namna hiyo limevunjiwa heshima na nesi wako, Rozalia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi yangu unaijua. Hatuna gati hapa, kwa hiyo chombo kikifika, abiria asiyetaka kulowa hupanda mgongoni kwangu, nami namshusha mchangani mkavu na viatu vyake. Tangu vita vya ng'ambo ya ziwa vianze nimewashusha wakimbizi hivyo hivyo, vikongwe, wajawazito, na padri mmoja mnene aliyekataa kuiachia cherehani yake. Maji yale yalikuwa yanafika kifuani na mawe ya chini yanateleza. Magoti yangu hayakusema kitu miaka yote hiyo, halafu mwezi uliopita yakasema kwa pamoja. Yalivimba, nikashindwa hata kuchuchumaa. Nikaja zahanati kwa miguu yangu, na hapo ndipo maonevu yalipoanza:

1. Rozalia aliniuliza umri. Nikamwambia hamsini na tano. Akaitazama kadi, akasema, "Mzee Gervasi, hapa naona sitini na nane." Nikamweleza kwamba karani aliyeandika alikuwa na haraka. Hakunisikiliza. Akasema diklofenaki, yaani hivyo vidonge vya maumivu na uvimbe, vinaweza kumchuna tumbo mtu aliyepita sitini na tano mpaka likavuja damu, na mwenyewe asisikie hata kuuma. Kwa hiyo atanipa vichache, vya siku kumi tu, pamoja na kapsuli za omeprazo za kulilinda tumbo siku zote hizo. Wageni wangu wanne, wakimbizi wanaokaa kwangu, walikuwa wamekaa nami kwenye benchi. Wote walisikia sitini na nane.

2. Akaniuliza kama nimewahi kuumwa vidonda vya tumbo, au kutapika damu. Mimi. Nilicheka mpaka benchi likatikisika, nikamwambia hapana, na wageni wakacheka nami. Yeye hakucheka. Aliuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto nani kavunja chungu. Nikamjibu tena hapana. Naomba hili uliangalie, maana mtu mzima haulizwi mara mbili.

3. Maagizo yake yanafaa nyumba ya watu wawili. Kapsuli nimeze asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Vidonge nimeze asubuhi na jioni baada ya kula. Nyumbani kwangu wakati huo walikuwemo watu kumi na mmoja kutoka Fizi wanaosubiri lori la kwenda kambini Lugufu, na ugali huanzia kwa wageni, kisha watoto, kisha Margareta, mke wangu. Mimi hupitia sufuria mwishoni, na siku nyingine sufuria huwa imeshaoshwa. Lakini agizo nililitii. Nilisubiri chakula kiishe, nikameza baada yake. Rozalia aliposikia akauliza, "Baada ya chakula cha nani, mzee?" Hilo si swali la nesi.

4. Hapa ndipo aliponikasirikia kweli, na hapa ndipo ninapojivunia. Desturi ya ufukwe wetu unaifahamu, vitu vikiingia nyumbani vikiwa viwili, kimoja ni cha mgeni. Ndivyo tulivyogawana mikeka, ndivyo tulivyogawana masufuria, na shuka la harusi yetu Margareta alilipasua katikati bila kuniuliza. Dawa ziliingia za aina mbili. Mkubwa wa wageni wangu, Mzee Leonardi, alikuwa analalamika tumbo linawaka moto tangu walipokimbia. Mimi goti, yeye tumbo. Hesabu gani rahisi kuliko hiyo? Nikachukua vidonge, nikampa kapsuli zote. Siku ya tano mashavu yake yameshaanza kurudi na anamtania mke wangu. Badala ya kunishukuru kwa kuipunguzia zahanati mgonjwa mmoja, Rozalia alishika kichwa. Eti dawa zile zilikuwa mume na mke, sikupaswa kuwatenganisha. Eti Mzee Leonardi alitakiwa aje mwenyewe apimwe, maana kapsuli inaweza kuutuliza moto na ugonjwa ukabaki umejificha. Nikamuuliza tangu lini ukarimu umekuwa kosa. Akasema, "Ukarimu wako ni mzuri, mzee, ila tumbo ulilolitoa sadaka ni lako." Naomba afundishwe kujibu kwa kifupi.

5. Magoti yalipoanza kupata nafuu nilirudi majini kubeba, nayo yakalalamika upya. Kwa bahati Oswald, yule mchuuzi wa dagaa kutoka Mwamgongo, alikuwa na vidonge vyake vya mgongo, vya rangi nyingine kabisa na jina jingine kabisa, ibuprofeni. Nikaongeza. Rozalia anasema zile mbili ni za ukoo mmoja, na kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu, kunaongeza kuchuna tu. Daktari, mimi nimeona kaka wawili wakivuta wavu mmoja na samaki wakaja wengi. Kama ukoo mmoja usingeruhusiwa kufanya kazi pamoja, uvuvi wa ziwa hili ungefungwa wote.

6. Juzi nilikwenda zahanati mwenyewe, kwa hiari, kumpa habari njema. Nilimweleza kwamba choo changu kimekuwa cheusi kama lami na kinanata, nikidhani ni ushahidi wa tumbo la chuma, maana chuma nacho ni cheusi. Rozalia alisimama. Aliniangalia ndani ya kope, akanishika kiganja, akapima presha mara mbili, akasema imeshuka. Kisha akaninyang'anya vidonge vyote, vyake na vya Oswald, akavifunga kwenye karatasi. Nikamwambia magoti je? Akasema kwa sasa nitatumia parasetamol, kwa kiasi alichoandika, na nisiguse pombe. Weusi ule, kwa maneno yake, ni damu. Akaandika barua ya kwenda hospitali Kigoma, akataka niondoke siku ile ile kwa boti ya mchana. Nilijificha nyuma ya choo cha kanisa mpaka boti ikaondoka. Kwa hilo nakiri, lakini nilikuwa nimeonewa.

7. Hili ndilo lililonifanya niandike. Jana Rozalia alikuja nyumbani kwangu mbele ya wageni, akatangaza kwamba leo mchana sitatembea majini kuifuata boti, maana nikianguka na presha ile sitaamka. Nitabebwa. Na amekwisha kumwagiza mbebaji, naye ni Jonathan. Daktari, Jonathan nilimfundisha kazi mimi. Ni huyu huyu aliyemwangusha mwalimu mkuu na redio yake. Miaka thelathini sijawahi kuiona pwani hii nikiwa mgongoni kwa mtu, na sasa nibebwe kama gunia la mihogo huku kijiji kizima kimesimama mchangani, na Mzee Leonardi, mgeni wangu, ameniahidi atashika viatu vyangu.

Kwa hiyo naomba mambo haya: safari ya Kigoma ifutwe, vidonge nirudishiwe, umri kwenye kadi urekebishwe uwe hamsini na tano, na Rozalia aandike kwa mkono wake kwamba tumbo la Gervasi Mtambala halihitaji mlinzi. Ukishindwa yote, basi angalau mbebaji abadilishwe.

Nisalimie mama nyumbani kwako, na Diana anayefagia zahanati, na karani mwenye haraka, simwekei kinyongo. Wageni wangu wote kumi na mmoja wanakusalimu, na Mzee Leonardi anauliza kama kapsuli bado zipo.

Ni mimi niliyeumizwa heshima lakini si tumbo,

Gervasi Mtambala,
Mbebaji Mkuu wa Ufukwe.

N.B. Barua hii nimemsomea Margareta. Hakucheka mahali popote. Nilipofika kwenye bahati ya tumbo aliinuka akaanza kufunga nguo zangu kwenye khanga. Asubuhi hii weusi umerudi, na nilipoinama kuvaa viatu nyumba ilizunguka. Basi barua usijisumbue kuijibu. Mpe Rozalia, na Jonathan mwambie aje mapema, ashike vizuri, apitie upande wa kushoto ambako mawe ni machache. Na kwenye ile barua ya hospitali Rozalia aongeze jambo moja ambalo mke wangu analijua na wageni hawalijui. Mwaka 1988, Uvira, nilitapika damu, nikalazwa siku tisa kwa vidonda vya tumbo. Rozalia aliponiuliza nilisikia vizuri mara zote mbili. Nilisema hapana kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu niliowabeba. Kuhusu lile tumbo la bahati, nilidanganya.