Saba ya Ukutani

Habari aliileta Gazeti, kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakuingia nayo ndani. Alisimama kizingitini mwa duka la kinyozi, bega moja limeegemea fremu ya mlango, mkononi simu ya mteja. Yeye ni fundi simu, na kila simu anayoitengeneza huisoma kwanza.

"Jamani, lile gemu la Mlinzi wa Daraja, sehemu ya pili inatoka. Saa kumi na mbili mwanzo mpaka mwisho. Na katika hizo kumi na mbili, nane ni muvi tupu. Unakaa, unatazama. Pedi ya kuchezea unaishika zile nne zilizobaki."

Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Hapo ndipo Karani alipojua mambo yake yameingia mchanga, kwa sababu mashine ilinyamaza ikiwa katikati ya kichwa chake.

Karani alikuwa ameketi kwenye kile kiti kinachozunguka, amefungwa shuka jeupe la kinyozi kuanzia shingoni hadi magotini, mikono yote miwili ndani kama mtoto aliyebebwa. Miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri, hajawahi kuchelewa wala kuharakisha mtu. Leo alikuwa na haraka. Kaka wawili wa Bi Tepu, fundi wa nguo wa mlango wa pili, walikuwa wamefunga safari kuja kumwona mgane huyu wa miaka sitini na miwili anayemtaka dada yao. Bi Tepu alikwisha kumwambia siku nyingi kuwa ni mchana, baada ya chakula, na Karani chakula chake humaliza saa nane kamili, ofisi ndivyo ilivyomfundisha.

Jana yake Bi Tepu alipita hapa mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, pini nne zimebanwa midomoni, akanyoosha kidole ukutani. "Saba," alisema katikati ya pini. "Usisahau, saba."

Karani akatazama ukutani. Kulikuwa na ile picha kubwa ya vichwa kumi na viwili, kila kichwa na namba yake, jua limevifubaza hadi vyote vinaonekana ndugu wa tumbo moja, na juu yake saa ya ukutani. Namba saba ilikuwa kichwa cha heshima: pembeni pamepunguzwa, juu pameachwa kidogo, na mstari mwembamba wa kistaarabu. Karani alilala na namba saba, akaamka nayo.

"Saa nane za muvi?" alisema Jemedari. Ndiye kinyozi, na jina hilo kalipata kwa vita alivyopigana kwenye ile televisheni iliyo mkabala na kioo. Kiti cha wateja amekigeuza kiipe kioo mgongo, ili yeye akinyoa aione televisheni vizuri. "Wananionaje hawa watu? Nikitaka kutazama nisingenunua pedi, ningenunua miwani."

"Jemedari mwanangu," alisema Karani, "pembeni acha kidogo. Saba, tafadhali."

"Saba imepita, mzee wangu. Tulia." Na macho yake yalikuwa kwenye televisheni.

Sasa, mambo yalikuwa hivi. Jemedari alikuwa anairudia sehemu ya kwanza ya gemu hilohilo, huku ananyoa. Muvi ikianza, pedi haifanyi kazi, basi ananyoa. Muvi ikikatika na mchezo ukarudi mkononi mwake, anailaza mashine begani kwa Karani, anakwenda vitani. Kwa hiyo kichwa cha Karani kilinyolewa kwa kiasi cha muvi iliyopo. Na Karani, ambaye maisha yake yote hajagusa gemu hata la karata, alijikuta anaomba kimoyomoyo waongeze muvi.

"Mimi naona nane ni chache," alisema.

Bi Birika, muuza kahawa, alikuwa kwenye benchi la ndani anafuta vikombe kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mistari. Akacheka puani. "Mwenye kichwa amesema."

"Karani ana hoja," alisema Gazeti, akapandisha mguu mmoja juu ya kizingiti. "Hadithi ndiyo utamu. Mimi yule mama yake mlinzi alipokufa nililia. Machozi ya kweli, simu ya watu ikaingia maji."

"Ulilia nini na hukuwa na la kufanya?" Jemedari aliuliza. "Nimetembea siku tatu na yule mlinzi. Nimevuka mto, nimepigana na mbwa mwitu, nimepanda ukuta kwa vidole vyangu hivi. Nafika nyumbani, mama yuko kitandani, nyumba inawaka moto. Nasema sasa ndio wakati wangu. Nabonyeza kuruka, hakuna. Nabonyeza kukimbia, hakuna. Nabonyeza vitufe vyote. Jamaa kapiga magoti anaimba."

"Ulitaka umfanye nini mama wa watu," alisema Bi Birika, "umrukie?"

"Nimbebe, bibi. Nimtoe nje."

"Na hadithi iishe hapohapo, mle ugali mlale. Mama asipokufa, huyo mtoto ataenda kulinda daraja kwa uchungu gani?"

"Uchungu wangu nitautafuta mwenyewe."

"Wewe? Wewe ukiachiwa hadithi uiendeshe, sungura atamla fisi na kitakachobaki ni wewe kutembea porini unavunja mitungi ya watu kutafuta dawa."

Gazeti alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu kuvunja mitungi ndiko hasa Jemedari alikokuwa akifanya nusu saa nzima kabla ya hapo, na Karani alikuwa ameihesabu mitungi yote.

Kwenye televisheni nyumba ikaanza kuwaka. "Haya, hiyo muvi," alisema Karani haraka. "Nyoa, mwanangu."

Jemedari akaiinua mashine. Ikapita sikioni, ikapanda, ikakaa mahali pamoja muda mrefu kuliko Karani alivyopenda, maana mama alikuwa anakata roho na Jemedari hakutaka kupitwa na neno. Huko chini ya shuka, kidole gumba cha Karani kilikuwa kinagonga goti, taratibu, kama kinagonga muhuri. Goti la kulia lilikuwa "simama". Goti la kushoto lilikuwa "punguza hapo". Hakuna kilichosimama wala kupunguzwa.

"Lakini wanatupa kuchagua," alisema Gazeti. "Usiwaonee. Kuna pale msaliti anapokamatwa. Gemu linakuuliza, umsamehe au umuue."

"Nilimsamehe," alisema Jemedari. "Hatua kumi mbele akaumwa na nyoka, akafa. Nikarudi nyuma, nikamuua. Akafa. Nikarudi tena nikamsamehe, nikamtafuta yule nyoka nimtangulie. Nyoka hayupo. Yuko kwenye muvi tu. Sasa mliniuliza ya nini?"

"Ili ujione mkubwa," alisema Bi Birika. "Wajukuu zangu nikiwasimulia, kitufe chao ni kimoja. 'Halafu?' Wanakibonyeza weee, wanadhani wao ndio wanaoisukuma hadithi. Kumbe mimi nasikiliza tu lini kitanyamaza, nijue wamelala."

"Hiyo ni dhuluma, bibi."

"Hiyo ni malezi."

Gazeti aliinua simu. "Mwenye gemu kajibu malalamiko. Ngoja niwasomee. Anasema: mchezaji hajui anachotaka mpaka sisi tumwonyeshe."

Jemedari alizima mashine ili asikike vizuri. "Mmesikia hayo matusi? Mtu kaja kwako na mapenzi yake, kakaa, kakuamini, halafu unamwambia hajui anachotaka. Unamfunga mikono, unamgeuzia unakotaka wewe, mwisho unamuuliza, umependa? Mimi siwezi kumfanyia binadamu mwenzangu hivyo."

Karani, akiwa amefungwa mikono, amegeuziwa televisheni, alimtazama Gazeti kichwani. Alitazama kwa muda. Kisha akatazama picha ya ukutani, akarudi kwa Gazeti.

"Gazeti," alisema polepole, "wewe mara ya mwisho uliomba namba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hiyo ni kumi na moja?"

Gazeti alijipapasa. "Hii ni... Jemedari, hii ni ngapi?"

"Mjukuu wangu aliomba mbili," alisema Bi Birika, amekiweka kikombe chini. "Akarudi na hicho hicho kichwa cha Gazeti. Na mwenye duka la viatu anacho. Na yule muuza magazeti wa kona. Mtaa mzima nikiutazama kutoka juu ni trei ya mayai."

"Ni namba nne," alisema Karani. "Wote ni namba nne."

Kinyozi alijikohoza. Alipuliza nywele kwenye meno ya mashine, nywele ambazo hazikuwepo. "Sikilizeni. Watu wanakuja hapa, wanaona picha, wanataja namba. Fuvu lenyewe hawajawahi kuliona kwa nyuma. Mimi ndiye ninayeliona. Nina jicho. Mteja hajui anachotaka mpaka mimi nimwo..."

Kwenye televisheni mlinzi alikuwa bado anaimba.

"Malizia, mwanangu," alisema Bi Birika kwa upole. "Mpaka wewe?"

Gazeti alikuwa amelala kizingitini, simu ya mteja imemdondokea tumboni, anapiga sakafu kwa kiganja.

Karani hakucheka. Alitoa mikono ndani ya shuka, mmoja, kisha wa pili, akashika mikono ya kiti, akasukuma kwa mguu. Kiti kikazunguka kwa mlio mrefu mpaka akaonana na kioo. Upande mmoja ulikuwa namba nne iliyokamilika. Upande wa pili ulikuwa haujafikiwa na muvi.

"Leo kichwa nakiendesha mimi," alisema. "Wewe ndiye pedi. Nikisema kushoto, kushoto. Nikisema simama, simama."

"Mzee wangu, kunyoa ni..."

"Kushoto."

Jemedari akapeleka mashine kushoto.

"Siyo huko. Kushoto."

"Kushoto kwako au kwa yule wa kwenye kioo?"

Katika miaka sitini na miwili Karani hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alimtazama yule wa kwenye kioo, naye akamtazama, na wote wawili wakachelewa. "Kwa yule," alisema. Mkono wa Jemedari ukageuka. "Hapana, kwangu. Panda juu. Juu kidogo. Rudi."

Rudi ilikuja baadaye kuliko mashine. Kutoka sikioni mpaka utosini, na kupita utosini kushuka upande wa pili, palikuwa na njia moja safi, nyeupe, ya upana wa vidole viwili.

Jemedari akazima mashine. Hata mama kwenye televisheni alikuwa amekwisha kufa.

"Barabara tayari," alisema Bi Birika. "Bado daraja na mlinzi."

"Unaweza kurudi nyuma kidogo," alisema Gazeti, "mahali ulipohifadhi?"

Jemedari alikuwa na aibu ya kweli, na aibu ikamfanya kinyozi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alizima televisheni. Alichovya brashi kwenye maji, akapaka povu, akachukua wembe mpya, akanyoa kichwa chote, taratibu, bila neno, bila kuangalia pengine. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya, na haikuwa na namba. Karani alijitazama. Masikio, ambayo miaka yote alidhani ni ya kawaida, yalikuwa yamesimama pembeni kama watu wawili waliokuja kumshitaki.

"Atasema hakuniomba hivi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Aliniomba kitu kimoja tu. Saba. Alinionyesha na kidole."

Hakuna aliyemfanyia utani. Bi Birika alimwekea kikombe cha kahawa mkononi, akamfunga vidole kukizunguka.

Hapo kivuli kikaingia mlangoni kikiwa na tepu shingoni. Gazeti akanyanyuka kizingitini, akapisha. Bi Tepu alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile alilolishona akalifumua mara tatu, na midomoni leo hakuwa na pini.

"Karani," alisema, "kaka zangu wako kwangu tangu saa sita. Wamemaliza chakula, wamemaliza maji, sasa wanaulizana kama upo kweli au nilikubuni."

Karani alisimama, povu likimtiririka nyuma ya sikio. "Si ni saa nane? Baada ya chakula."

"Baada ya chakula chao. Si jana nimekuja hapa kwa makusudi nikakwambia saba? Na nikakuonyesha saa ile pale ukutani."

Wote wanne wakatazama ukutani. Saa ilikuwa inasema saa saba na dakika arobaini. Chini yake, karibu sana, kilikuwa kichwa namba saba, kimetulia, hakijui lolote.

"Nilidhani..." Karani alianza, akaonyesha picha, kisha kichwa chake, kisha picha tena. Bi Tepu alifuata kidole kile, kwenda na kurudi, mpaka akaelewa. Aliuma midomo kama vile pini zimerudi.

"Yaani umekaa hapa kuanzia asubuhi unatafuta hicho?"

"Ulisema saba."

Bi Tepu alikwenda akachukua taulo begani kwa Jemedari, akamfuta Karani povu nyuma ya sikio, la kulia, kisha la kushoto, kwa uangalifu wa mtu anayekunja pindo. "Kichwa chako nilikuwa nakijua," alisema. "Nilichokuwa sikijui ni kama unasikia ninachokwambia. Sasa najua. Unasikia, ila unakosea dirisha."

"Twende hivi hivi?"

"Hivi hivi. Watakachouliza, wewe jibu. Nikikukanyaga mguu, nyamaza."

Walitoka, yeye mbele, Karani nyuma yake hatua moja, shuka la kinyozi bado shingoni mpaka Gazeti alipomkimbilia kumvua. Upepo ulimpita kichwani mahali ambapo upepo haukuwahi kumgusa. Kuta mbili tu zilitenganisha milango ile, hatua kumi na tano, lakini alizisikia zote. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala mfukoni, hakigongi kitu.

Nyuma yake, mlangoni mwa kinyozi, walikuwa wamejipanga wote watatu, na akaisikia sauti ya Bi Birika, chini kabisa, kama anayesema na mtoto kanisani:

"Jemedari, weka pedi chini. Hapa tunaangalia tu."