Mama Alivyonitetea Mbele ya Maprofesa

Wenzangu, leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mama mzazi.

Saa nne asubuhi nilikuwa natetea tasnifu yangu ya uzamili chuoni, Kesses. Nikianguka, ni mwaka mwingine wa karo, na ile kazi ya kufundisha niliyoahidiwa inaenda kwa mtu mwingine. Mada yangu ilikuwa kulinganisha Kenya na Uganda kwa miaka thelathini: taasisi za fedha za nchi gani zimekita mizizi zaidi? Yaani watu wanaweka na kukopa kiasi gani kwenye benki na sacco, ukilinganisha na ukubwa wa uchumi wao.

Kwetu mtu hatetei tasnifu peke yake. Mama alitoka Moi's Bridge alfajiri, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kana kwamba anapokea mwanariadha uwanja wa ndege. Akaketi mstari wa mbele. Nikamwomba asiseme kitu. Akanijibu, "Mimi nitasema nini na hiyo Kizungu yenu?"

Nikaanza. Mstari wa Kenya ukapanda, wa Uganda ukafuata nyuma kwa adabu. Nikanogewa. (Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza.) Mtahini wa nje alikuwa profesa kutoka Kampala, na mimi, kwa kiherehere changu, nikamtazama usoni nikatangaza kwamba Mkenya wa leo, hata awe mkulima wa kijijini, haweki tena pesa nyumbani.

Profesa akavua miwani, akauliza ushahidi uko wapi. Nikasema uko kwenye jedwali la tisa. Akasema jedwali halilimi. Kisha akamgeukia mama, kwa Kiswahili alichokiokota mpakani Malaba.

"Mama, wewe ni mkulima?"

"Ndio, Mzee. Mahindi, na ng'ombe kidogo."

"Ukiuza mahindi, pesa unaweka wapi?"

Nilimkonyeza. Nikakohoa. Lakini mama ni shemasi, hawezi kudanganya mbele ya watu.

"Naweka kwa debe ya mafuta. Iko kwa stoo, chini ya mbegu. Benki ni ya kupitishia tu."

Ukumbi ukacheka. Hiyo ningeivumilia. Mkulima mmoja si taifa, na nilishafungua mdomo kusema hivyo. Shida ni kwamba mama aliona nimeumia, akaamua kunitetea.

"Msimuonee. Huyu Jerop anaelewa hii maneno sana. Hata yeye pesa yake ananiletea nimwekee kwa hiyo debe. Anasema ikikaa kwa benki ataimaliza na viatu."

Profesa akaangalia miguu yangu. Ukumbi mzima ukaangalia. (Ni vipya. Ni vyekundu.)

Nimepita, lakini kwa masharti: niongeze sura nzima kuhusu pesa isiyofika benki, na wa kwanza kuhojiwa awe mama. Profesa mwenyewe alikunywa mursik vikombe viwili, akaomba cha tatu.

Mama hakungoja hata picha. Alikumbuka kwamba ukumbi mzima sasa unajua debe liko wapi, akakimbia nyumbani kulihamisha. Nimempigia simu kumuuliza amelipeleka wapi. Amekataa kuniambia, eti mimi sina siri.

Akiba yangu yote imo humo. Atakayecheka anikopeshe nauli kwanza.