Mirihi Iliyozimika na Stima

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si mchungaji, na Mungu nimemwambia nusu tu. Ile Mirihi ninayowaonyesha watoto wa ploti yetu, jengo hili la kupanga, kila jioni kutoka juu ya paa si Mirihi. Ni taa nyekundu ya mnara wa simu.

Nimejua leo saa moja unusu jioni. Nilikuwa nimenyoosha kidole, nikieleza kwamba Mirihi ni sayari ya nne kutoka kwa jua na kwamba wekundu wake ni kutu. Stima ikapotea mtaa wetu wa Kayole mzima. Mirihi ikazimika! Khalayi, msichana wa miaka minane wa ghorofa ya chini, akauliza kama sayari nazo hununuliwa tokeni za stima. Nikasema ni wingu. Wingu! Nyota zote zilikuwa zinawaka.

Wiki tatu nimefundisha taa.

Nani hujenga mnara magharibi, mahali sayari inatakiwa kuwa? Nimekasirika hadi meno yananiuma.

Na Jumapili mwezi utapatwa. Mwalimu Nafula wa shule ya msingi atakuja kutazama kwenye paa letu, kisha achague msaidizi wa chama chake cha falaki. Ni mimi au Lorine. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa nyumbani nikikata sukuma wiki. Nafasi hii naitaka kuliko chakula.

Ijumaa, 5 Septemba

Lorine amejua. Anakaa mlango unaofuata wetu, anaimba kwaya, hana haya hata chembe. Alinikuta kwenye ngazi akaniambia, "Sasa, Triza! Mirihi wameirudishia stima?" Watu watatu walisikia.

Nilikuwa na jibu. Jibu kali sana. Lilinijia dakika arubaini baadaye nikiwa jikoni. Nikaliambia sufuria.

Jioni akawaonyesha watoto Mirihi halisi, kinukta hafifu kinachotua magharibi. Wakaikataa! Walisema ile ya Dada Triza ni kubwa. Nikafurahi. Kisha nikaona aibu. Kisha nikakasirika kwa kuona aibu.

Nina mpango.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefua mablanketi yote ya nyumba. Manne. Nimeyakanyaga kwenye beseni hadi miguu ikafa ganzi. Yatakaa humo hadi kesho, niyaanike kwenye kamba za upande wa mnara. Mtu haoni sayari ya uongo kupitia blanketi.

Mama aliuliza leo tutajifunika nini. Nikasema leso zetu za kujifunga. Akauliza nani hufua mablanketi kwenye baridi hii, halafu ayaanike Jumapili. Nikasema kilichokatazwa Jumapili ni kufua, si kuanika. Akasema nimekaa nyumbani sana, akili imeanza kuchacha.

Jumapili, 7 Septemba

Mambo yalianza vizuri mno. Mnara haukuonekana. Nikawakalisha watoto wakiyapa mablanketi mgongo, nyuso mashariki. Mwalimu Nafula akasifu mpangilio. Lorine akanuna.

Saa moja unusu kivuli kikaanza kuumega mwezi. Lorine akaongoza watoto kutaja sayari nane kwa kuimba: Zebaki, Zuhura, Dunia, hadi ya mwisho, na makofi juu. Kisha ikawa zamu yangu kueleza kupatwa. Nikasema "dunia". Nikasema "dunia" tena. Sauti ikakataa katakata.

Saa mbili unusu mwezi wote ukawa mwekundu. Hapo Mama akatokea na beseni. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa ploti hizi anakijua: giza likiingia, nguo haziachwi juu. "Wewe Triza, unangoja wezi ndio wakuanulie?" Akaanua la kwanza. Akaanua la pili. Mirihi hiyo, inawaka bila wasiwasi!

Khalayi akapiga kelele kwamba mwezi na Mirihi wamevaa sare. Mwalimu akageuka. Mirihi gani?

"Ile ya Triza, Mwalimu," Lorine akasema. "Hata ina mtandao."

Paa zima likacheka. Mama pia alicheka, na hata hajui Mirihi ni nini!

Nilipandwa na hasira hadi haya ikanitoka. Nikamnyang'anya Lorine simu, nikawasha tochi. Hili ni jua! Nikamsimamisha Lorine mbele yake. Wewe ni dunia, usisonge! Nikamwambia Mama aliinue blanketi la tatu. Huo ni mwezi! Kivuli cha Lorine kikaangukia blanketi lote, na kichwa chake kikubwa. Nikafoka kwamba dunia imeingia kati ya jua na mwezi, na wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya pembeni mwa dunia, kwenye hewa yake. Sikumeza hata neno. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Nafula akanichagua mimi. Mimi! Akanivuta kando akasema hakuna mwanafalaki asiyekosea, ila kosa halifunikwi kwa blanketi. Nisipojua kitu, niseme sijui. Nikaapa.

Jumatatu, 8 Septemba

Mwalimu alipita asubuhi. Ameazima darubini, italetwa Ijumaa. Akaniuliza kama nimewahi kutumia moja.

Lorine alikuwa kwenye mlango wake akijifanya anapiga deki. Anatabasamu. Tabasamu lile! Damu ikanichemka.

Nikasema nimetumia nyingi.

Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Basi nitaifungua mimi, niiunganishe mimi, kisha niwafundishe walimu wenzake watano. Akauliza kama nimezoea za lenzi au za kioo. Nikasema inategemea hali ya hewa.

Sijawahi kugusa darubini. Sijui hata jicho huwekwa upande gani. Haya, sasa tunajua wawili, mimi na wewe unayesoma. Nakuomba, lisifike kwa Mwalimu. Na Lorine akikuuliza, hujawahi kuniona.