Nguzo ya Kuchajia Itasimama Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Shirika la umeme linaleta nguzo ya kuchajia magari mtaani. Moja tu. Lazima isimame kwangu. Kifungua mimba wangu anaendesha teksi ya umeme, na kwa vile huku hakuna pa kuchajia, analala huko huko mjini, ndani ya gari. Mama yake akipakua chakula anapakua na cha mwanawe. Mimi silalamiki. Lakini sahani ile naiona.
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye anaitaka. Keshaanza kufagia uwanja wake. Vita havishindwi kwa ufagio.

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleleza. Mhandisi ni binti mwenye kofia ngumu. Ana kidude kama koleo, kinauma waya kinatoa namba. Upande wetu una transfoma yake, upande wa kinyozi una yake. Nikaelewa papo hapo: anatafuta panapotumika umeme mwingi. Duka lenye watu ndilo huongezewa bidhaa. Mke wangu kauliza kama nimemwuliza huyo binti anatafuta nini hasa. Nikamwambia mtu mzima haulizi, anajua. Akasema haya baba, akaendelea kukunja nguo. Haya yake hiyo siipendi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima. Jiko la umeme la shemeji, pasi mbili, na mashine ya kuchomelea ya fundi mageti. Fundi kataka kujua nachomelea nini. Nikasema siri. Akasema basi mzee, usije ukaungua na siri yako. Ana mdomo mrefu kuliko waya wake.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kafika, kanipa shikamoo safi. Alipopanda ngazi tu nikawasha kila kitu. Hata pampu ya maji, na tangi lilikuwa limejaa; maji yakatoka hadi barabarani. Mashine nikaigusisha chuma, cheche zikaruka. Nikachungulia dirishani. Binti anatazama kidude, macho yamemtoka. Nikajua ameona utajiri.
Kisha huko juu ikapiga paa! Fyuzi ya transfoma. Safu yetu yote kimya. Ng'ambo mashine ya kinyozi inanguruma tu, kama inacheka. Jirani wa kushoto kasema samaki wake wakiharibika nitawala mimi, wabichi. Mke wangu alitandaza matambara kwenye maji.

Jumanne, 18 Machi
Imesimama kwa kinyozi.
Nikamfuata binti kudai haki. Kanieleza taratibu, kama analisha mtoto uji. Gari la umeme linakula sana, kwa hiyo wanatafuta laini isiyo na mzigo, yenye nafasi. Ya kinyozi ina mashine ya kunyolea na redio. Yenu, mzee, imeelemewa vibaya. Akaongeza kwamba mpaka asubuhi ile alikuwa ametuweka sisi mbele.
Nikamwambia kidude chake kibovu.

Jumapili, 23 Machi
Mwanangu kaja. Gari linakunywa umeme kwa kinyozi, mwenyewe kwenye benchi la kinyozi, ananyolewa. Mama yake kavuka barabara na sufuria. Nikabaki ndani kulinda heshima. Heshima haishibishi. Nikatoka na kiti changu, nikakaa kando ya nguzo, nikawaeleza madereva kwamba bila juhudi zangu mtaa huu usingeipata. Kinyozi kasema kweli kabisa, mzee aliwasha mpaka akazima. Wakacheka. Mwanangu naye kacheka, ila akanisogezea sufuria.

Jumatano, 26 Machi
Habari njema. Upande wetu unapata transfoma mpya, kubwa kuliko ya kinyozi, na binti anarudi kupima kwa ajili ya nguzo ya pili. Mke wangu kaniomba siku hiyo nikae kitako, nisiguse hata swichi. Kasema anataka mtoto alale nyumbani, basi. Nimemwambia aniachie mimi. Nimewaza sana juu ya mara ile na kosa nimeliona: niliwasha vitu vichache. Fundi mageti ana mashine ya pili.